Bila Udhuru

Kila alipobanwa na jambo zito, mama mdogo aliitisha kikao, na kikao chenyewe kilikuwa na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Yeye ndiye mwenyekiti, yeye ndiye katibu, na ilipolazimu alikuwa pia yule mjumbe mbishi asiyekosekana kwenye kikao chochote. Aliketi mezani kwake, akaandika tarehe na saa, akaandika "Waliohudhuria: mmoja. Akidi: imetimia," kisha akajadiliana na nafsi yake mpaka azimio likapatikana. Ndugu zake walimbandika jina la Bi Akidi, kwa sababu hata mkiwa watatu jikoni mnamenya viazi, angeuliza kwanza kama idadi inatosha kuanza. Tulimwiga mpaka tukavunjika mbavu. Hakuna aliyejua anavyokuwa akiwa peke yake na meza ile, maana hakuna aliyewahi kuwepo.

Ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja, wamepishana miaka miwili. Hakuolewa, hakuzaa, na mimi ananiita mwanangu, nami sijawahi kumwita vingine ila mama mdogo, hata nilipokuwa nimemkasirikia.

Kazi yake ndiyo iliyomharibu, au ndiyo iliyomtengeneza, mimi sijui. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa katibu muhtasi wa ofisi ya maji. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, mapazia yakabadilishwa mara tatu, yeye akabaki kwenye meza ileile nje ya mlango wa bosi, kalamu mbili za bluu na moja nyekundu mbele yake. Alinukuu vikao. Aliona watu wazima wakifokeana juu ya bomba lililopasuka, kisha akaona kelele zile zikigeuka sentensi moja tulivu kwenye karatasi: "Wajumbe walijadili kwa kina." Jambo hilo lilimkaa moyoni. Kama karatasi inaweza kuwatuliza wanaume kumi na wawili wenye bomba lililopasuka, kwa nini isimtulize mwanamke mmoja?

Alikaa vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne kutoka chini. Meza yake ilikuwa na viti vinne. Kimoja alikikalia, cha pili kilibeba pasi, cha tatu kilibeba magazeti ya zamani, na cha nne kilikuwa kitupu na kimefutwa vumbi kila siku. Mgeni angedhani anamsubiri mtu.

Kumbukumbu za vikao vyake zimo kwenye faili la kijani. Nimelisoma lote, na sikuliiba. Alinipa mwenyewe mwaka jana. "Soma," aliniambia, "uone nilivyokuwa na akili." Kikao cha sita kilihusu ombi la ndoa. Mwombaji alikuwa mpima ardhi aliyefiwa na mkewe, mtu wa taratibu. Hoja za kuunga mkono: ana kazi, hanywi, humsikiliza mtu mpaka amalize. Hoja za kupinga: watoto wake wakubwa hawajaafiki, anataka mke ahamie mji mwingine, hucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Azimio: ombi limekataliwa, kura moja kwa sifuri. Na chini kabisa, kwenye Mengineyo, kwa mwandiko uleule ulionyooka, ameandika: "Katibu alilia. Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa dakika tano."

Nilipofika hapo niliweka faili chini nikaenda kusimama dirishani.

Lakini sitaki kumsingizia. Njia yake ilimfaa mara nyingi. Alipoota uvimbe shingoni, jirani mmoja alimtisha kwa hadithi za visu, mwingine akamletea majani. Yeye aliitisha kikao, akaenda kwa madaktari wawili, akaandika kila mmoja alichosema, akaamua apasuliwe. Akapasuliwa, akapona, akarudi kazini na skafu shingoni. Sisi wengine huamua kwa hasira au kwa aibu, kisha tunatafuta sababu baadaye. Mimi mwenyewe nina hasira za karibu, na yaliyonipata kwa ajili yake sitayaeleza hapa.

Kosa lake kubwa lilikuwa moja, na lilikuwa la maneno mawili.

Miaka kumi na moja kabla ya haya ninayosimulia, bibi, yaani mama yao, alikuwa kitandani nyumbani kwetu. Ndugu wakakutana sebuleni wajadili kama apasuliwe au aachwe apumzike. Mjomba, kaka yao mkubwa, alikuwa mwenyekiti. Mama mdogo alikuwa katibu, nani mwingine? Mama yangu hakuwepo sebuleni. Alikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta mmoja, akimwosha bibi, akimgeuza, akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Mimi nilipita katikati yao na beseni nikienda na kurudi, na wote waliokuwa sebuleni walisikia maji. Kikao kilichukua saa mbili. Wakaamua asipasuliwe. Bibi alifariki baada ya siku tisa.

Baada ya mazishi, jamaa wakiwa wamejaa, mjomba akasimama kusoma kumbukumbu za kikao kile ili kila mtu ajue uamuzi ulifikiwa vipi. Mjomba anapenda kusoma mbele za watu. Alisoma: "Waliohudhuria, sita. Wasiohudhuria kwa udhuru, hakuna. Wasiohudhuria bila udhuru, mmoja." Akalitaja jina la mama yangu.

Watu wakatazamana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Mdogo wangu," akasema, "hivyo ndivyo ulivyoandika?"

"Katibu hakupokea taarifa yoyote, dada," mama mdogo akajibu, na hata sasa naamini hakuwa na ubaya. "Ndio utaratibu."

"Nilikuwa chumba cha pili."

Aliweka sinia chini, akaingia chumba kile ambacho sasa kilikuwa kitupu, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake. Mama mdogo alikuja mara tatu, mara tatu akaambiwa dada amelala, ingawa sote tulimsikia dada akipika. Mara ya nne hakuja.

Nimelifikiria sana jambo lile. Hakutaka kumwaibisha mtu. Kwa katibu, mtu ama yupo ama hayupo, na kama hayupo, ama ametoa taarifa ama hakutoa. Kwenye karatasi zake hapakuwa na mahali pa kumwandika mtu aliye chumba cha pili.

Mwaka juzi mama alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka yote; akabaki na macho, na mkono wa kushoto, na ile tabia yake ya kugeukia ukutani akichukizwa. Nilimuuguza miezi saba. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nguo, mji mwingine kabisa, na kiwanda kilinivumilia mpaka kikachoka. Barua ikaja: urudi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, au nafasi yako itajazwa. Nilipiga moyo konde nikapanda zile ngazi hamsini na nne.

Ilikuwa Jumapili mchana. Alifungua mlango akanitazama muda.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Karibu, kaa."

Nilikaa kwenye kile kiti kitupu. Akainjika birika, akasahau kuwasha jiko, akarudi akakaa.

"Mama mdogo, sitazunguka. Nimekuja kukuomba umchukue mama."

Alinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Amesema yeye?"

"Mama hasemi. Unajua hasemi."

"Hata kwa ishara?"

Ningeweza kumdanganya. Sikumdanganya. "Nikikutaja anageukia ukutani."

Kisha, wallahi, akasema: "Nitaliitishia kikao."

Nilipandwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. "Kikao? Mama mdogo, huyu ni dada yako, si bomba!"

"Ndiyo maana," akasema taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Nikikujibu sasa hivi nitasema ndiyo, kwa sababu umekaa hapo unalia. Halafu baada ya mwezi nitachoka, nitajuta, na majuto yangu atayala yeye kila asubuhi pamoja na uji wake. Mgonjwa hujua anapolishwa na mtu anayejuta. Niache nifikiri vizuri."

Alisema kweli, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Niliondoka bila kunywa chai, ambayo kwa vyovyote ilikuwa bado maji baridi.

Alikaa vikao vitatu. Sikuyajua haya wakati ule, nilikuja kuyasoma. Kikao cha kwanza kina hoja tisa za kupinga. Ngazi hamsini na nne. Mlango wa bafu una upana wa sentimita sitini na mbili, kiti cha magurudumu kina sitini na tano. Kazini hutoka saa kumi jioni, na kustaafu bado miezi kumi na minne, ingawa likizo zake zote alikuwa hajazichukua, maana aende wapi? Mgongo wake. Mgonjwa mwenyewe hamtaki. Yote yameandikwa, yamepewa namba. Hoja za kuunga mkono ni nne, nyembamba nyembamba. Kisha kuna ya tano: "Ni dada yangu. Mwenyekiti alihoji kama hiyo ni hoja au ni taarifa. Ilikubalika kuwa ni taarifa."

Kwa ajili ya kikao cha pili alifanya utafiti, maana si mtu wa kukata tamaa kwa kukisia. Alikwenda kumuuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alipima mlango upya, labda ungekuwa umepanuka. Akanunua mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano akaupandisha mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu, akihesabu. Alipumzika mara sita, na mama ana uzito wa zaidi ya mifuko miwili. Nikimwona kichwani mwangu na ule mchele, mwanamke wa miaka hamsini na minane ameegemea ukuta wa ngazi na kikaratasi mkononi, napata uchungu ambao sikuupata hata nilipomchukia. Mwisho wa ukurasa ameandika: "Hesabu zinakataa. Katibu ameshindwa kuandika azimio. Kikao kimeahirishwa."

Kikao cha tatu ni mstari mmoja. Katika faili zima, miaka yote ile, ni hapo tu ilipotokea. "Waliohudhuria: mmoja. Akidi: haikutimia."

Huku nyuma siku zilikuwa zinakwisha, na yeye kimya. Mjomba akaingilia kati, akaitisha kikao cha ukoo siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwetu, palepale. Alikuwa na pendekezo lake tayari: mama apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Aliwahi kuiona. Alisema ina bustani.

Mama mdogo alikuja saa nne kasoro dakika tano. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka kumi na moja, akafuta miguu kwenye zulia la mlangoni kama anayekwenda kwa daktari. Alisalimia watu wote, mkubwa kwa mdogo. Aliweka begi kubwa kando ya kiti chake, akatoa daftari na kalamu. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa palepale nyuma yake, pazia limeshushwa.

"Huingii kumwona kwanza?" nikamnong'oneza.

"Kikao kikiisha," akasema. "Ninalo jambo langu kwenye Mengineyo." Alilisogeza begi kwa mguu karibu zaidi na kiti, lakini mimi siku hiyo nilikuwa sioni begi la mtu. Nilikuwa naona mtu aliyekataa.

Mjomba akafungua kikao. Mama mdogo akaandika majina, akiyatamka kwa sauti kama desturi yake. Alipomaliza akainua kichwa. "Na mgonjwa, mwenyekiti? Tumwandike wapi?"

"Mgonjwa hahesabiki," mjomba akasema. "Endelea."

Kalamu yake ikasimama. Ilisimama muda mrefu, mjomba akawa tayari ameshaingia ajenda ya pili na ameanza kuisifu bustani, na bado alikuwa hajaandika kitu.

Ndipo tukasikia kikombe kikianguka chumba cha pili. Kikombe cha plastiki, hakikuvunjika, kiligonga sakafu kikabingirika. Kisha kikaja kile kilio cha mama kisicho na neno ndani yake, ambacho maana yake ilikuwa amelowa. Wote sebuleni walisikia. Mjomba alipandisha sauti kidogo akaendelea na bustani.

Niliinuka, kama nilivyokuwa nimeinuka kwa miezi saba. Mkono ukanishika begani.

"Kaa," mama mdogo akasema. Akaniwekea daftari mapajani, akanishikisha kalamu. "Andika wewe."

"Katibu," mjomba akasema, "rudi ukae. Tuko katikati ya ajenda."

"Mwanangu ataandika, kaka."

"Na wewe tukuandikeje?"

"Nimeondoka kabla ya azimio. Niandikeni sikuhudhuria."

Mjomba alicheka kidogo, akitafuta macho ya wengine. "Bi Akidi leo! Haya, kwa udhuru gani?"

Alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika pazia. Sikuuona uso wake, nilimwona mgongo tu, na ile skafu.

"Bila udhuru," akasema. "Andika hivyohivyo, mwanangu. Bila udhuru, na jina langu zima."

Niliandika. Mwandiko wangu ulipinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Bustani hakuitaja tena siku ile.

"Mwanangu," sauti ikaniita kutoka ndani, "niletee hilo begi langu."

Nilidhani ni mafaili. Lilikuwa jepesi kuliko mafaili, na zipu ilikuwa haijafungwa vizuri. Magauni manne. Taulo. Kandambili za kuogea. Pasi, ile ya kwenye kiti cha pili. Na juu kabisa faili la kijani limefunuka kwenye ukurasa wa kikao cha kwanza, na pale alipoandika ajenda kwa bluu, "Kumhamishia dada kwangu," kalamu nyekundu ilikuwa imekata maneno yote na kuandika juu yake: "Nani ahame?"

Nikasimama mlangoni na begi mkononi kama bwege.

"Swali nililiandika vibaya," akaniambia bila kugeuka. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, beseni liko miguuni. "Wiki tatu nimepima ngazi zangu. Kumbe kwenu ngazi ni mbili, na mlango wa bafu lenu hata mjomba wako anapita na tumbo lake. Nimeomba likizo zangu zote, na zikiisha nastaafu mapema. Nilikuwa nisome haya yote kwenye Mengineyo, kwa utaratibu."

"Ungesema, mama mdogo."

"Ningesema. Nilikuwa nangoja ajenda yangu ifikiwe."

Mama alikuwa amelala amegeukia ukutani. Alikuwa amejua ni nani tangu hatua ya kwanza. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Mama mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda, karibu na mgongo ule, na kwa muda hakufanya lolote, maji yanapoa. Sikuwahi kumwona mtu akiwa peke yake namna ile na huku tuko watatu chumbani.

"Dada," akasema, "siku ile ulikuwepo. Ulikuwepo kuliko sisi sote. Nilisikia maji, nikaandika nilichoandika."

Mama hakugeuka. Sebuleni mtu alikohoa, viti vikasogezwa, kikao kilikuwa kinafungwa chenyewe.

"Nakuvua hili gauni, limelowa," mama mdogo akasema. "Nikikuumiza, nipige."

Mama hakumpiga. Uso wake ulibaki ukutani vilevile, na ulibaki hivyo siku nyingi baadaye, nilipokuwa nimesharudi kiwandani. Lakini asubuhi ile aliunyanyua mkono wa kushoto kidogo, ili mdogo wake apate kulivua gauni.